Shemeji Anayejua Magari

"Twende," alisema Outi, "wewe unayajua magari."
Sikukana.
Miaka tisa nyuma niliipiga teke mashine ya kukatia nyasi
ya baba mkwe, ikawaka;
tangu siku ile ukoo mzima unaniita fundi,
nami, Mungu anisamehe, huitika.

Njia ya mwongo ni fupi, wasemavyo.
Yangu ilikuwa kilomita themanini na tano,
Rovaniemi hadi Kemijärvi, mwezi wa Aprili,
misonobari kushoto, misonobari kulia,
theluji kando ya lami kama unga uliomwagikiwa chai,
na shemeji yangu ananiuliza njiani
kuhusu giaboksi.

"Inategemea," nilisema.
Baada ya daraja nikasema tena: "Inategemea."

Mwenye gari alikuwa Bi Hilkka Ylitervo,
miaka thelathini na mmoja akipeleka barua,
sasa mstaafu, buti za mpira hadi magotini.
Toyota lake lilikuwa uani, limeoshwa,
rangi ya uji wa mtama,
kilomita laki tatu na tisini elfu,
kiti cha abiria kimechakaa kuliko cha dereva
kwa kuwa abiria alikuwa magunia ya posta.

Nikalizunguka. Nikagonga tairi kwa ncha ya kiatu.
Tairi halikusema neno.
Nikainama, nikachungulia uvunguni, nikaguna
mguno ule wa watu wenye ujuzi.
"Fungua boneti basi," akasema Outi.

Nilipapasa chini ya usukani. Nikavuta nilichokishika.
Nyuma kabisa, tak!
kifuniko cha tangi la petroli kikafunguka.

Kimya.
Tone la maji kutoka paani. Jingine.

"Naam," akasema Bi Hilkka, taratibu,
"huko ndiko kutu ilikoanzia. Wengi hawaanzii huko."

Outi akanitazama kwa fahari iliyoniuma.

Tangu hapo bibi yule alinishika mkono bila kunishika.
"Beringi ya mbele kulia umeisikia, bila shaka."
Injini ilikuwa imezimwa. "Nimeisikia," nilisema.
"Na pale chini ya mlango palipozibwa kwa puti?"
"Nimepaona."
"Na hita, itakayokufa kabla ya Krismasi?"
"Nilitaka kuitaja."
Kila ubovu wa gari lake ulipitia kinywani mwangu
hadi masikioni mwa Outi,
na hakuna hata mmoja niliokuwa nimeuona.

Bei: euro elfu moja na mia nane.
"Lakini fundi wako atasemaje?"
Nikatazama viatu vyangu. Nikatazama mkono wake juu ya bodi:
vidole vinne vimenyooka, gumba limekunjwa,
vinagonga bati polepole.
"Elfu moja," nilisema, "na mia nne."
"Ananionea," alimwambia Outi. "Lakini anajua."

Walipoingia jikoni kuandikiana hati nilibaki uani
nikilitazama gari, nalo likinitazama.

Outi alitangulia na mali yake, mkono nje ya dirisha
ingawa baridi ilikata kama wembe.
Mimi, si yeye, ndiye niliyekabidhiwa daftari:
jalada la bluu, kila oili, kila breki, kila balbu,
mwandiko wa mtu aliyezoea kusoma anwani za watu wengine.
Nilisimama kituo cha mafuta nikalifungua mwishoni.
Wino ulikuwa bado mbichi, umeacha kivuli
kwenye ukurasa wa pili:

Boneti. Kishikio cheusi, kushoto, nyuma ya sanduku la fyuzi.
Kivute mara mbili.